Kwa Motokaa katika Nchi ya Wagiriki

Majina ya miji ya Ugiriki tumeyasikia kanisani tangu utoto wetu. Ni nani asiyeijua Korintho, Athene, Filipi na Tesalonike? Barua za Mtume Paulo husomwa mbele yetu kila mwaka, hata majina hayo yamekuwa kama ya vijiji vya jirani. Lakini ni wachache wanaofikiri kwamba mahali pa miji hiyo pangalipo mpaka leo, pana barabara na vituo vya petroli, na kwamba mtu aweza kuondoka Athene akiisha kunywa chai ya asubuhi, akafika Korintho jua halijawa kali. Kati ya miji hiyo miwili ni kilometa 80 hivi tu.

Wageni wengi huizuru Ugiriki katika mabasi makubwa ya watalii. Basi lina saa zake: hapa dakika arobaini, pale saa moja, kisha wote wanaitwa. Sisi tulikwenda kwa motokaa ya mtu binafsi, nami nasema kwamba kwa nchi ile hakuna njia iliyo bora. Magari hushika mkono wa kuume kama kwetu Kongo. Vibao vya njiani vimeandikwa mara mbili, kwanza kwa herufi za Kigiriki, kisha kwa herufi zetu. Barabara kuu ni nzuri sana, ila hulipiwa ushuru mara kwa mara, na yafaa msafiri awe na sarafu tayari mkononi.

Tena mwenye motokaa aweza kusimama apendapo. Kando ya barabara za Ugiriki utaona vijumba vidogo vya chuma au vya mawe, vimo vyake kama kifua cha mtu, vyenye msalaba juu na kioo mbele. Ndani mna picha takatifu, taa, na chupa ya mafuta. Vingi vimesimamishwa na jamaa za watu waliokufa mahali pale kwa ajali ya gari. Vingine na watu waliopona. Kwenye kona moja mbaya ya milimani niliona vitatu pamoja. Dereva wetu alipunguza mwendo kila alipoviona, akafanya ishara ya msalaba, akianza bega la kuume na kumalizia la kushoto, kama wafanyavyo Waortodoksi.

Dereva huyo, ambaye ndiye mwenye motokaa, alikuwa Mgiriki mzee aliyezaliwa Lubumbashi, zamani mji ule ulipoitwa Elisabethville. Wagiriki wengi walikuja Kongo wakati wa Wabelgiji kufanya biashara. Wale wa Kasenga, kando ya mto Luapula, walijulikana kwa samaki waliowapeleka kwenye miji ya migodi; wengine waliuza vitambaa na chumvi. Mwaka 1973 serikali ya Zaire ilipotangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatakuwa mali ya wananchi, jamaa nyingi zilifunga mizigo. Mzee huyo alikuwa kijana siku zile. Kiswahili chake ni kile cha Katanga, nacho hakijaota kutu. Mimi nilimwita Mzee, naye aliniita Mwalimu, na kwa siku tano hatukuwa na lugha nyingine ila hiyo.

Lakini tangu mwanzo tulijua kwamba pana jambo kati yetu. Yeye ni Mwortodoksi, mimi ni Mkatoliki. Tuna Ubatizo mmoja, Sakramenti saba, Maaskofu waliowekewa mikono tangu Mitume, na heshima kuu kwa Mama wa Mungu. Walakini hatupokei Komunyo pamoja. Mwaka 1054 wajumbe wa Baba Mtakatifu na Patriarki wa Konstantinopoli walitupiana laana. Laana hizo ziliondolewa tarehe 7 Desemba 1965 na Papa Paulo VI pamoja na Patriarki Athenagoras, mwishoni mwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Laana imeondoka, utengano umebaki. Nilidhani nakwenda kutazama magofu ya wapagani. Kumbe kila tuliposimama, jambo hilo lilikuwa limetutangulia.

Katika Athene tulipanda kwanza Areopago. Ni mwamba mtupu, umekuwa utelezi kwa nyayo za watu. Chini yake pana bamba la shaba lililoandikwa kwa Kigiriki hotuba ya Mtume Paulo, ile iliyomo katika Matendo ya Mitume, sura ya 17. Mzee aliisoma pasipo kusita. Mimi nilifuata kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa Kigiriki kile kidogo cha seminarini. Siku ile waliosikia juu ya ufufuko wa wafu wengine walidhihaki. Waliosadiki walikuwa wachache, na miongoni mwao Dionisio, na mwanamke jina lake Damari. Kanisa Kuu la Wakatoliki wa Athene, lililotabarukiwa mwaka 1865, lina jina la Dionisio huyo.

Juu ya mwamba huo huo alisimama Baba Mtakatifu Yohane Paulo II tarehe 4 Mei 2001 pamoja na Askofu Mkuu Christodoulos wa Athene, likasomwa tangazo lao la pamoja. Baadhi ya watawa na waamini Waortodoksi walikuwa wamefanya maandamano ya kupinga asije. Siku hiyo, mbele ya Askofu Mkuu, alimwomba Mungu msamaha kwa ajili ya makosa ya watoto wa Kanisa Katoliki juu ya ndugu zao Waortodoksi, akataja hasa kutekwa kwa mji wa Konstantinopoli.

Habari hiyo ya Konstantinopoli yafaa tuijue, maana shuleni husomwa kwa haraka. Mwaka 1204 askari wa Vita vya Msalaba, waliotoka Ulaya ya magharibi wakisema wanakwenda kuikomboa Nchi Takatifu, waliugeukia mji wa Wakristu wenzao, wakauteka nyara siku tatu, wasiyaache hata makanisa. Kisha wakagawana nchi za Wagiriki.

Ukijua hayo, hata Parthenoni utaitazama kwa macho mengine. Hekalu hilo, lililo juu ya kilima cha Akropoli, lilianza kujengwa mwaka 447 K.K. kwa heshima ya Athena, mungu wao wa kike. Baadaye, dola ya Roma ilipokwisha kuwa ya Kikristu, liligeuzwa kanisa la Mama wa Mungu, likakaa hivyo karibu miaka elfu. Wataalamu wamehesabu juu ya nguzo zake maandishi zaidi ya 200 yaliyochorwa na Wakristu. Wafaransa walipoutwaa mji baada ya mwaka 1204, Askofu Mkuu Mgiriki, Mikaeli Choniates, aliyekuwa msomi mkubwa, alilazimika kuondoka, akaishi kisiwani Kea. Askofu wa Kilatini akaketi mahali pake. Waturuki nao walipokuja katika karne ya 15 wakalifanya msikiti. Tarehe 26 Septemba 1687, Wavenezia walipouzingira mji, kombora lao liliangukia baruti ambayo Waturuki walikuwa wameiweka ndani, na jengo lililosimama zaidi ya miaka elfu mbili likapasuka kwa saa moja.

Mzee alisimama kivulini, kofia mkononi. "Hapa hata ninyi mulisali, Mwalimu," akaniambia. "Miaka mia mbili na zaidi. Njo vile." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu amwonyeshaye mgeni mahali ambapo babu wa mgeni huyo alipigana.

Kutoka Athene tulishika njia ya magharibi, ambayo zamani ilikuwa njia takatifu ya wapagani waendao Eleusi. Baada ya kilometa kumi hivi tulifika monasteri ya Daphni. Hapo palikuwa na hekalu la Apolo. Limebaki nguzo moja tu iliyojengewa ukutani. Kanisa ni la karne ya 11. Katika kuba lake, juu kabisa, yupo Kristu Mwenye Enzi Yote, aliyeundwa kwa mozaiki, yaani kwa vijiwe vidogo vya rangi na dhahabu. Nawaambia kweli, sijaona sura ya Bwana yenye kutisha namna ile. Si Yesu mpole wa picha tulizopewa katika Komunyo yetu ya kwanza. Ni Hakimu, na macho yake hayakutazami wewe, yanatazama pembeni, kana kwamba amekwisha kujua. Baada ya 1204 nyumba hiyo walipewa wamonaki Wasistersiani kutoka Ufaransa, wa ukoo ule ule wa watawa wa Mokoto huku Kivu, nao wakakaa mpaka Waturuki walipoingia. Nilijaribu kuwafikiria wamonaki wale, wakiimba Zaburi kwa Kilatini chini ya maneno ya Kigiriki. Labda nao waliogopa kuinua macho.

Kabla ya Korintho barabara huvuka mfereji uliokatwa katika mwamba ili meli zipite kutoka bahari hii mpaka ile. Ni wa kilometa 6 na zaidi kidogo, na ukichungulia kutoka darajani utaona maji chini sana, membamba kama utepe. Kaisari Nero aliuanza mwaka 67, akachimbisha wafungwa wa Kiyahudi, lakini akafa kazi haijafika mbali. Ulimalizika mwaka 1893. Kwa ajili ya maji hayo Mzee alinilipisha kahawa ya bei kubwa kwenye hoteli ya darajani, akacheka.

Na sasa Korintho yenyewe. Mtu akiniuliza aende wapi kama ana siku moja tu, nitamwambia aiache Athene na kundi lake la watu, aende Korintho. Saba tu ndizo nguzo zinazosimama za hekalu la Apolo, kila moja jiwe zima, nazo zilikuwa za kale tayari Mtume Paulo alipofika. Chini yake ni sokoni, na katikati ya soko lipo jukwaa la mawe ambapo liwali wa Kirumi aliketi kuhukumu. Hapo ndipo Wayahudi walipomleta Paulo mbele ya Galio, naye Galio akakataa kusikiliza shauri la dini, akawafukuza. Si mbali na uwanja wa michezo lipo jiwe la sakafu lenye jina la Erasto, mkubwa wa mji aliyelipia sakafu hiyo kwa mali yake mwenyewe. Mtume, mwishoni mwa barua yake kwa Waroma, amtaja Erasto, mtunza hazina wa mji. Kama ni mtu yule yule, wataalamu wanabishana. Mimi nililitazama jiwe lile kwa muda mrefu kuliko hekalu zima. Mtume alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita akishona hema pamoja na Akwila na Priska, na Kanisa alilolianzisha pale lilikuwa limejaa magomvi tangu mwanzo: huyu wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa. Mgawanyiko wa Wakristu si jambo lililoanza mwaka 1054.

Tulipita pwani mpaka Patras, mahali ambapo, kwa mapokeo ya kale, Mtume Andrea alisulibiwa. Andrea ni ndugu yake Petro, na Waortodoksi hupenda kukumbusha kwamba yeye ndiye aliyeitwa kwanza. Kanisa kubwa lenye jina lake lilitabarukiwa mwaka 1974. Ndani yake, katika sanduku la fedha, kinahifadhiwa kichwa chake. Kichwa hicho hakikuibwa: Waturuki walipokaribia, mtawala wa Kigiriki Thomas Palaiologos alikikimbiza Roma, na Papa Pio II akakipokea kwa shangwe kubwa mwaka 1462. Kilikaa huko miaka mia tano. Septemba 1964 Papa Paulo VI alikirudisha Patras, akamtuma Kardinali Bea akilete. Mwaka 1980 vikarudi pia vipande vya msalaba wake kutoka Marseille. Kina mama waliobusu kioo cha sanduku lile walikuwa wengi, mmoja mwenye kapu la nyanya. Mzee akabusu, nami nikabusu.

Karibu na Patras bahari huvukwa kwa daraja la kamba za chuma, refu la mita 2,880, lililofunguliwa mwaka 2004. Ng'ambo, barabara yafuata ufuko, kisha yapanda milima mpaka Delphi.

Kwa uzuri, Delphi haina mshindani katika yote niliyoyaona. Mlima ni wa mwamba mwekundu, bonde lote limejaa mizeituni hata baharini. Hapo wafalme walituma watu kumwuliza mwanamke aliyeitwa Pithia, aliyedhaniwa kusema maneno ya Apolo, kama wapigane au wakae kimya. Mwishoni mwa karne ya 4 Kaisari Theodosi alipiga marufuku ibada hizo. Kijiji kilijengwa juu ya magofu, na wataalamu wa Ufaransa walipoanza kuchimba mwaka 1892, ilibidi kijiji kizima kihamishwe. Katika jumba la makumbusho yupo mwendesha gari la farasi, sanamu ya shaba ya karne ya 5 K.K., mwenye macho ya mawe yenye uhai kuliko ya watu wengi. Lakini Mkristu asitoke pasipo kuuliza habari za vipande vya jiwe lenye barua ya Kaisari Klaudio, ambamo limetajwa jina la Galio. Kwa vipande hivyo, vilivyopatikana pale pale kwa mashetani wa zamani, twajua kwamba Galio alikuwa liwali karibu na mwaka 51 au 52, na hivyo twajua Paulo alisimama sokoni Korintho mwaka gani. Walakini nilipotoka nilikuwa na huzuni. Mahali palipoulizwa maswali mengi namna ile, sasa haulizi mtu, ila wapi pa kununua maji.

Safari ya nusu saa na zaidi kutoka hapo, tukipita Distomo, ambapo askari wa Kijerumani waliwaua watu 218 wa kijiji tarehe 10 Juni 1944, tulifika monasteri ya Mtakatifu Luka. Huyu si Mwinjili. Ni mkaa pweke aliyefariki mwaka 953. Kanisa lake lina mozaiki za karne ya 11, zenye dhahabu ing'aayo gizani. Masalia yake nayo yalikuwa yamechukuliwa Italia. Yalirudishwa kutoka Venice mwaka 1986. Mtawa kijana alitupa maji baridi na kipande cha tamtam nyeupe yenye unga wa sukari, kama wafanyavyo kwa kila mgeni.

Siku ya nne tulivuka uwanda wa Thesalia, mwendo wa kutwa, mahindi na pamba mpaka macho yachoke. Ndipo yakatokea majabali ya Meteora. Neno hilo maana yake ni yaliyoning'inia hewani. Hebu fikirini nguzo za mwamba zenye urefu wa mamia ya mita, zimesimama pamoja kama watu mkutanoni, na juu ya vichwa vyao nyumba za watawa. Mtakatifu Athanasi alianzisha iliyo kubwa katika karne ya 14. Mwanafunzi wake Yoasafu, aliyekuwa wa ukoo wa kifalme, aliacha kiti cha enzi akamfuata. Zamani zilikuwa 24. Leo sita zina watawa, nne za wanaume na mbili za wanawake. Watu na mizigo walipandishwa kwa wavu na kamba, mpaka ngazi zilipokatwa katika mwamba miaka ya 1920. Wavu wa monasteri ya Varlaam ungali waonekana mnarani. Kila nyumba ina siku yake ya kufunga mlango katika juma, kwa hiyo ulizeni kabla ya kupanda ngazi. Wanawake huvaa sketi. Asiye nayo huazimwa kitambaa mlangoni.

Katika nyumba mojawapo, ambayo siitaji, mtawa mzee aliyekaa mlangoni alifurahi kumwona Mwafrika, akauliza kama mimi ni Mwortodoksi, maana Kanisa lao lina waamini wengi Kongo, Uganda na Kenya. Mzee akajibu kwamba ni Mkatoliki. Uso wa mtawa ukabadilika. Alisema maneno mengi, nami nikashika mawili tu: Papa, na Poli, yaani Mji, ndivyo Wagiriki wanavyoiita Konstantinopoli. Hakutufukuza. Akatukatia tikiti, akageuka.

Tulishuka kona tatu za mlima kimya. Kisha Mzee akasema, "Alikuwa anaongea habari ya mwaka elfu moja mia mbili na nne. Anaiongea kama ilikuwa jana."

Nikamwambia kwamba Papa ameomba msamaha, na kwamba Papa Fransisko aliomba tena Athene, Desemba 2021.

"Nilisikia," akasema. Akaendesha kidogo. "Mimi napenda sana ile ya kichwa, Mwalimu. Maneno ni mazuri. Lakini mtu akikurudishia kichwa cha mtakatifu wako, unaweza kukishika."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulikwenda alfajiri kwa watawa wa kike, kabla ya watalii. Taa zilikuwa za mafuta na mishumaa, na masista waliimba pasipo kinanda. Liturjia yao ni ndefu, wala hakuna aliyetazama saa. Sikuelewa sana, lakini neno moja lilirudi na kurudi tena: Kyrie eleison. Neno hilo nalijua tangu nilipoanza kusema. Limo katika Missa Luba, iliyotungwa Kamina kwa nyimbo za Waluba na kuimbwa mwaka 1958. Babu zetu waliliimba katika Misa ya Kilatini, wengi wakidhani ni Kilatini. Ni Kigiriki. Nikaimba pamoja nao, kwa sauti ya chini, na sista mmoja akageuza kichwa kidogo.

Wakati wa Komunyo nilibaki nyuma karibu na mlango, kama sheria ya Kanisa lao itakavyo. Mzee alikwenda mbele na wengine. Mwisho wa Liturjia padri huwagawia watu mkate uliobarikiwa, ambao si Ekaristia, huitwa antidoro. Mzee alirudi na kipande chake kiganjani, akaangalia kushoto na kulia, akakivunja.

"Kula, Mwalimu," akasema. "Mama yangu alikuwa anafanya vile na boyi yetu kule Kasenga, na yeye alikuwa Mkatoliki."

Nikala. Mkate ulikuwa mzito kidogo, wa ngano, bila chumvi nyingi. Nje, basi la kwanza lilikuwa likipanda mlima, nasi ilitubidi kuondoa motokaa upesi, tukashuka njia ya Trikala.